Kipimo cha Pili

Mwishoni mwa Novemba 1861, John Hanning Speke, Mwingereza aliyekuwa akisaka chanzo cha mto Nile, alifika kwa Rumanyika, mfalme wa Karagwe, akapokewa vizuri. Alikaa hapo wiki sita hivi, na katika wiki hizo alipima vitu vya aina mbili. Kwanza alipima nchi: alitazama jua na nyota kwa sekstanti ili kujua yuko latitudo gani, na alichemsha maji ili kukadiria kimo cha vilima vya Karagwe, kwa kuwa kadiri unavyopanda ndivyo maji yanavyochemka kwa joto dogo zaidi. Kisha akapima watu. Alizungusha utepe kwenye mikono na mapaja ya wanawake wa nyumba ya kifalme, waliokuwa wakinenepeshwa kwa maziwa, na katika kitabu alichokitoa mwaka 1863 akaandika kwamba watawala wafugaji wa nchi hizi ni watu wa asili nyingine kabisa, waliotoka Ethiopia. Vipimo vyake vya nyota viliwafaa wachora ramani. Nadharia yake juu ya watu ilichukuliwa na wamisionari na maofisa wa kikoloni, ikaongezwa na kupambwa, na huko Rwanda Wabelgiji wakafika hadi kuandika kabila ndani ya kitambulisho cha kila mtu. Mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari, watu waliuawa vizuizini kwa neno lililoandikwa kwenye kipande hicho cha karatasi. Speke hakuyafanya hayo peke yake, wala hangeweza kuyaona mbele. Lakini swali linabaki: mtu mmoja, jicho lilelile, wiki zilezile, kwa nini alifaulu kwa nyota akakosea kwa majirani zake wa ua mmoja?

Jibu la haraka ni kwamba alikuja na ubaguzi wa zama zake, na ni jibu la kweli. Ila halitoshi, kwa sababu hata mtafiti mwenye moyo safi akikaa Karagwe wiki sita leo ataondoka na picha yenye kasoro ileile. Latitudo ya Bweranyange, makao ya Rumanyika, haibadiliki. Ukiipima usiku mmoja kwa uangalifu, umeipata, na atakayekufuata baada ya miaka mia atakuta pale pale. Kaya hubadilika. Udongo hubadilika. Bei, afya, urithi, hata jina ambalo ukoo hujiita, vyote viko njiani kutoka mahali kwenda mahali, na anayeviona mara moja huona vimesimama. Akishaviona vimesimama, huanza kutafuta sababu ya kudumu ya hali ya kupita: huyu ni maskini kwa sababu ya kabila lake, shamba hili ni dhaifu kwa sababu ya uvivu wa mwenyewe. Hoja yangu katika sura hii ni kwamba maarifa ya kuaminika kuhusu Karagwe na Kyerwa, wilaya jirani za mkoa wa Kagera nchini Tanzania, yalianza pale watafiti walipojifunza kurudi kwa mtu yuleyule na kwenye shamba lilelile, na kwamba hilo ni sharti la elimu yenyewe, kama wanafalaki na wanafizikia walivyokwisha kugundua katika kazi zao.

Tuanze na wanafalaki, maana wao ndio walioteseka zaidi. Kwa karne nyingi hakuna aliyejua nyota ziko mbali kiasi gani. Ukitazama nyota usiku mmoja, unajua upande iliko, basi. Inaweza kuwa taa ndogo iliyo karibu au moto mkubwa ulio mbali kupita kiasi. Njia pekee ilikuwa kuitazama nyota hiyohiyo mara mbili, miezi sita ikipita katikati, wakati dunia imeshahamia upande wa pili wa jua, umbali wa kilometa milioni 300 hivi. Nyota iliyo karibu itaonekana imesogea kidogo mbele ya zile za mbali, kama mgomba wa karibu unavyosogea mbele ya kilima unapopita barabarani. Msogeo wenyewe ni mdogo mno: gawa digrii moja mafungu 3,600, kisha chukua theluthi mbili za fungu moja. Hicho ndicho Friedrich Bessel alichokipata mwaka 1838 kwa nyota iitwayo 61 Cygni, na kwa mara ya kwanza binadamu akajua umbali wa nyota. Usiku mmoja pekee usingempa Bessel jibu hilo. Alirudi kwenye nyota yake usiku baada ya usiku, zaidi ya mwaka mzima.

Fizikia ya nadharia inatuambia jambo la pili, ambalo kwangu lina uzito zaidi. Mwaka 1905 Albert Einstein alieleza kwa nini chembe ndogo zinazoelea ndani ya maji hutikisika bila kupumzika: zinagongwa kila upande na molekuli za maji ambazo macho hayazioni. Chembe haina safari, inasukumwa huku na huku, na umbali ambao mtikisiko huo huifikisha hukua polepole, kwa kipeuo cha pili cha muda. Sasa weka mkondo dhaifu ndani ya maji hayo. Umbali ambao mkondo huibeba chembe hukua sawasawa na muda wenyewe. Kwa hiyo ukitazama kwa saa moja, mtikisiko unaufunika mkondo na utaapa kwamba mkondo haupo. Ukitazama kwa saa 16, mtikisiko umekua mara 4 tu, lakini mkondo umebeba mara 16. Hakuna darubini kali itakayokupa jibu hilo katika saa ya kwanza. Kinachotoa jibu ni muda. Kaya ya mkulima si chembe, ina akili na mipango, na sitaki kuusukuma mfano huu mbali sana. Lakini mapato yake hugongwa vilevile: mvua za vuli zimechelewa, ng'ombe amekufa, mtoto amelazwa, kahawa imepanda bei upande wa Uganda na magendo yamevuka mto usiku. Mkulima aliyeuza kahawa yake kwa butura, ingali maua mtini, ataonekana ana fedha mkononi mwezi ule wa mauzo, na ataonekana fukara wakati wa mavuno jirani zake wanapopima magunia kwenye chama cha ushirika. Yupi ndiye yeye? Hojaji moja haiwezi kusema.

Kagera ina bahati ya kuwa na mojawapo ya tafiti ndefu zaidi za aina hii barani Afrika, na inasikitisha kwamba wenyeji wengi hawajui ipo. Ilianza mwaka 1991, kwa ushirikiano wa Benki ya Dunia na chuo cha tiba cha Muhimbili, na sababu yake ilikuwa msiba. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa mkoani humu mwaka 1983, na miaka minane baadaye watunga sera walitaka kujua kifo cha mtu mzima kinaiacha kaya katika hali gani. Kaya zaidi ya 900 zilichaguliwa katika vijiji na mitaa 51 ya mkoa mzima, Karagwe ikiwamo. Kyerwa wakati huo ilikuwa sehemu ya Karagwe na haikuwa wilaya hadi mwaka 2012. Wadadisi walizihoji kaya hizo hadi mara nne kufikia 1994. Kisha, mwaka 2004, watafiti wakiwemo Kathleen Beegle, Joachim De Weerdt na Stefan Dercon waliamua jambo ambalo tafiti nyingi hulikwepa: kumtafuta kila mtu aliyeandikwa katika kaya zile, popote alipo. Aliyeolewa Kyerwa akafuatwa Kyerwa, aliyehamia Mwanza akafuatwa Mwanza, aliyevuka kwenda Uganda akafuatwa ng'ambo. Kaya 900 zilikuwa zimezaa kaya zaidi ya 2,700. Waliporudi tena mwaka 2010 zilikuwa zaidi ya 3,300. Kati ya watu 6,353 walioandikwa mwanzoni, zaidi ya 4,300 walihojiwa mwaka huo, zaidi ya 1,200 walithibitika kuwa wamefariki, na waliopotea kabisa hawakuzidi 750. Baada ya miaka 19, katika mkoa uliopigwa na UKIMWI, wakimbizi na uhamaji, hiyo ni kazi ya heshima kubwa, na sehemu yake kubwa ilifanywa na wadadisi Watanzania waliokuwa wakibisha hodi mlango hadi mlango na kuuliza shangazi wa fulani anakaa wapi siku hizi.

Kipimo cha pili kilionyesha nini? Cha kwanza, kwamba kukaa na kuhama ni njia mbili zilizotofautiana sana. Kati ya kipimo cha mwanzo na kile cha 2004, ongezeko la matumizi ya waliohama lilizidi lile la waliobaki kwa pointi 36 za asilimia. Kutoka kwenye kilimo kuliongeza kipato, lakini hata aliyebaki mkulima alipata zaidi akihamia kulima mahali pengine. Mtafiti aliyeangalia wale tu waliobaki kijijini angesema Kagera imesogea kidogo tu, na angekuwa mkweli kuhusu wale aliowaona. Cha pili kinahusu yatima. Mtoto aliyefiwa na mama alikua akawa mfupi kwa karibu sentimita 2 kuliko ambavyo angekuwa, na akasoma pungufu kwa karibu mwaka mmoja. Tofauti ya sentimita 2 haionekani kwa macho. Ukikutana na kijana huyo sokoni Omurushaka hutaona chochote. Ni kama ule msogeo wa nyota ya Bessel: unapatikana tu kwa kuwa kuna mtu aliyempima akiwa mtoto, mama yake akiwa hai, kisha akarudi.

Hapa msomaji makini atauliza: aliyehama si ndiye aliyekuwa na bidii tangu awali? Labda angefanikiwa hata angebaki Nkwenda. Ni pingamizi zito, na linaua tafiti nyingi za uhamaji. Katika data ya Kagera lina jibu la kiasi, kwa sababu walioandikwa katika kaya moja mwaka 1991, wakiwamo ndugu wa tumbo moja, walikwenda njia tofauti. Unaweza kumlinganisha aliyeondoka na aliyebaki, wote wakiwa wamelelewa kwenye kibanja kimoja, yaani shamba la migomba la nyumbani, na kula sahani moja. Watafiti walikwenda mbele zaidi, wakatumia mambo yasiyotokana na bidii ya mtu, kama vile mvua zilivyoharibika alipokuwa katika umri wa kuhama, na nafasi yake ndani ya kaya. Matokeo hayakuyeyuka. Sisemi shaka imekwisha yote, kwa kuwa ndugu hawafanani tabia. Nasema kwamba shaka hiyo sasa ina mipaka inayoweza kupimwa, jambo ambalo hojaji moja isingeliwezesha.

Mfano unaonishughulisha zaidi ni ule wa wakimbizi. Mwishoni mwa Aprili 1994, katika muda wa saa 24 tu, Wanyarwanda wapatao robo milioni walivuka mpaka wa Rusumo kuingia wilaya ya Ngara, mkoani Kagera, na Karagwe nayo ilipata kambi zake katika miezi ile. Wengi walirudi kwao Desemba 1996. Je, ujio huo uliwadhuru wenyeji au uliwafaa? Tafiti mbili zilizotumia data hii ya Kagera, kwa sehemu au yote, zilipata majibu yanayoonekana kugombana. Javier Baez, katika makala yake ya 2011, alilinganisha watoto wa magharibi ya mkoa, walioishi karibu na kambi, na wale wa mashariki. Mwaka mmoja na nusu hivi baada ya ujio, watoto wa magharibi walikuwa wameugua zaidi na kudumaa zaidi, na vifo vya walio chini ya miaka mitano viliongezeka. Miaka kumi baadaye walioathirika utotoni walikuwa wafupi kwa sentimita 1.8 na kusoma kwao kulipungua. Gilles Duranton na Jean-François Maystadt, wakitumia hadi kipimo cha 2010, walikuta kwamba kaya zilizokuwa karibu na kambi zilikuwa na hali bora kuliko ambavyo zingekuwa, na faida hiyo ikadumu muda mrefu baada ya wakimbizi kuondoka. Sababu waliyoitaja ni barabara: zilizotengenezwa kwa ajili ya malori ya misaada zilibaki, na gharama ya usafiri ikashuka.

Mtu anaweza kusema: kama data ya mkoa mmoja inatoa ndiyo na hapana, ina faida gani? Mimi naona hapo ndipo thamani yake ilipo. Tafiti hizi mbili hazipingani. Moja inazungumzia mwili wa mtoto aliyekuwa na miaka miwili mwaka 1994, ambaye hakungoja barabara. Nyingine inazungumzia matumizi ya kaya miaka 16 baadaye. Ndani ya kijiji kilekile kulikuwa na kibarua wa shamba aliyeshushiwa ujira kwa sababu wakimbizi walikubali kulima kwa chakula, na mwenye shamba la ndizi aliyepata vibarua wa bei rahisi na soko la mikungu yake mlangoni. Maystadt, akiandika na Philip Verwimp, aliwatenganisha hao pia. Ukipima mwaka 1996 peke yake unaandika maafa. Ukipima 2010 peke yake unaandika neema. Serikali inayopanga kupokea wakimbizi wengine inahitaji kujua yote mawili, na ratiba yake: kwamba madhara huja kwanza, huwaangukia wadogo, na hayafutwi na neema inayofuata.

Udongo nao ni wa kurudiwa. Karagwe ina udongo wenye tabia za volkano, mweusi na mwepesi, lakini unaoshikilia fosforasi kwa nguvu hivi kwamba mmea hauipati. Zamani kibanja kiliishi kwa samadi ya ng'ombe na matandazo ya majani yaliyofyekwa rweya, yaani kwenye mbuga za nyasi, na sotoka ya miaka ya 1890 ilipofagia mifugo ya Karagwe, mzunguko huo ulikatwa kwa namna ambayo migomba ya baadaye iliendelea kuilipia. Ariane Krause wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin, akishirikiana na asasi ya wakulima ya MAVUNO ya Karagwe, alijaribu kuuunga tena kwa vitu vilivyopo nyumbani: tope linalotoka kwenye mtambo wa biogesi, masalio ya makaa kutoka kwenye majiko sanifu, majivu, na kinyesi kutoka vyoo vinavyotenganisha mkojo, kikiwa kimeuliwa vijidudu kwa joto kabla ya kuchanganywa kwenye mboji. Katika majaribio ya shambani yaliyochapishwa 2016, mboji hiyo ilipunguza tindikali, pH ikapanda kutoka 5.3 hadi 5.9, na fosforasi inayopatikana kwa mmea ikapanda kutoka miligramu 0.5 hadi 4.4 kwa kilo ya udongo. Mahindi yalizaa vizuri kuliko kwenye vipande visivyowekwa kitu. Hizi ni habari njema kwelikweli kwa wenye msiri, yaani shamba la mazao ya msimu, uliochoka. Lakini msimu mmoja ni usiku mmoja wa kutazama nyota. Makaa hukaa ardhini miaka mingi, na swali la mkulima si mavuno ya mwaka huu tu, ni kama fosforasi hiyo itakuwapo mjukuu wake akilima. Huko Rothamsted, Uingereza, shamba la Broadbalk limepandwa ngano na kupimwa tangu 1843, na mambo mengi tunayoyajua kuhusu mbolea na udongo yasingejulikana kama lingeachwa baada ya msimu wa kwanza. Hakuna sababu ya maumbile inayozuia kipande cha robo eka cha Karagwe kupewa heshima hiyo.

Najua kuna watakaosema mkulima hahitaji hayo yote, kwa kuwa yeye hurudi shambani kila siku ya Mungu na anakijua kibanja chake kuliko profesa yeyote. Nakubali nusu. Bibi anayetofautisha aina za migomba kwa rangi ya kikonyo amefanya uchunguzi mrefu kuliko Benki ya Dunia. Nusu nyingine ilidhihirika mnyauko bakteria ulipoingia Kagera mwaka 2006. Ndizi ziliiva kabla ya wakati, ukizikata ndani zimeoza, na ujuzi wa vizazi haukuwa na jina la ugonjwa huo kwa sababu haukuwahi kuuona. Nyuki waliubeba kutoka ua dume hadi ua dume, na visu vilivyopogoa mgomba mgonjwa viliupeleka kwa mzima. Ilibidi ujuzi wa mahali pengine, Ethiopia na Uganda, ambako ulikuwa umechunguzwa, ufike kupitia watafiti wa kituo cha kilimo cha Maruku na mabwana shamba: vunja ua dume kwa kijiti chenye panda bila kisu, choma kisu motoni, ng'oa shina lililougua. Mkulima anajua mahali pamoja kwa muda mrefu. Utafiti mzuri unajua mahali pengi kwa muda mrefu. Kimoja hakifanyi kazi ya kingine.

Pingamizi ninalolikubali kabisa ni la mtu aliyehojiwa. Ameulizwa mwaka 1991 ana mabati mangapi, ameulizwa 2004, ameulizwa 2010, na majibu yake yako ndani ya majarida ya Kiingereza. Mwanafalaki Thomas Henderson alipima umbali wa Alpha Centauri, nyota ing'aayo karibu na Msalaba wa Kusini na inayoonekana wazi kutoka vilima vya Kyerwa, akiwa Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1832 na 1833. Alikuwa na vipimo mkononi kabla ya Bessel. Akarudi Uskoti na daftari lake, akasita, na alipochapisha mwaka 1839 dunia ilikuwa imeshapata umbali wa nyota kutoka kwa mwingine. Nyota haikupungukiwa na chochote kwa kuchelewa huko. Mama wa Karagwe ambaye kijana wake alikulia karibu na kambi akawa mfupi kwa sentimita 1.8, na ambaye hajawahi kuambiwa kwamba miaka ile ya utotoni ndiyo iliyoamua, amepungukiwa, kwa sababu sasa analea wajukuu. Data ya Kagera iko wazi kwa yeyote anayetaka kuitumia. Inaweza kusomwa huku Kagera, Kayanga au Rubwera, kama inavyosomwa Washington. Walioandikwa wakiwa wachanga mwaka 1991 sasa wamevuka miaka 30, wana vibanja vyao, na baadhi yao wanaishi katika wilaya ambayo haikuwapo walipopimwa mwaka 2010. Orodha ya majina ipo, na shangazi anayejua wamehamia wapi bado yu hai.